Mazoezi ya Mwili Humfaa Mama wa Shamba

Wakulima wafikao ofisini kwetu huuliza habari za mbegu, za mbolea, za dawa ya kupe na za bei ya maziwa. Siku hizi wako pia waulizao habari ya neno ambalo wazazi wetu hawakulijua, nalo ni kolesteroli. Mtu huja na karatasi ya hospitali mfukoni, akasema: "Karani, mke wangu amepimwa damu, akaambiwa mafuta yamezidi. Ameambiwa aangalie chakula na afanye mazoezi. Lakini huyu mtu hulima! Sasa afanye mazoezi gani tena?"

Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu kamili. Mimi si daktari; ni karani wa ofisi ya kilimo niliyesomea ualimu. Mambo yaliyoandikwa hapa yamekwisha kupimwa na wataalamu, nami nimeyapanga kama mwalimu apangavyo somo, ili baba na mama wayasome pamoja jioni kazi zikiisha.

Jibu kwa ufupi ni hili. Kutembea kwa haraka, siku nyingi za juma, bila kuacha, hupunguza mafuta ya mwilini mwa mwanamke, hasa yale ya tumboni. Humlindia nyama ya mwili wake. Na hurekebisha mafuta yaliyo katika damu yake. Lakini mabadiliko hayo huja polepole, na mara nyingi mizani haiyaonyeshi. Kwa hiyo wengi hukata tamaa na kuacha wakati ule ule ambao mazoezi yameanza kufanya kazi yake.

KWA NINI JAMBO HILI LIMETUFIKIA

Mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, jamaa nyingi zilihamia mashamba yaliyokuwa ya walowezi, kila jamaa na ploti yake. Waulizeni wazee wa skimu jinsi akina mama walivyoishi miaka ile. Maji yalitekwa mtoni na kupandishwa mlima mgongoni. Kuni zilitafutwa mbali. Mahindi yalipelekwa kwa miguu hata kwenye mashine ya kusaga, na maziwa vivyo hivyo hata mahali pa kupokelea. Mama hakuhitaji kuambiwa atembee.

Leo katika skimu nyingi mambo yamebadilika. Pana tangi la maji karibu na jiko, au bomba uani. Mashine ya kusaga iko sokoni karibu. Trekta hulima, na bodaboda hungoja langoni. Haya ni maendeleo, wala hakuna mtu mwenye akili atakaye tuyarudishe nyuma. Lakini yafaa tujue kwamba yameondoa kazi ambayo mwili wa mama ulikuwa ukiifanya kila siku. Wakati huo huo chakula nacho kimebadilika: mafuta ya kupikia ni mengi zaidi, sukari ni nyingi zaidi, na chapati iliyokuwa ya Krismasi sasa yaliwa siku yoyote.

Matokeo yake yameonekana. Katika uchunguzi wa afya ya wananchi uliofanywa Kenya mwaka 2014, karibu mwanamke mmoja katika kila watatu wa umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzito uliopita kiasi. Katika uchunguzi wa mwaka 2022, kwa wanawake wa miaka 20 hadi 49, walikuwa zaidi ya wanne katika kila kumi. Uzito wa namna hiyo hufuatana na shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo na kiharusi.

Mkulima, fikiri jambo hili kama ufikirivyo mambo ya shamba. Ni nani akamuaye ng'ombe alfajiri? Ni nani ajuaye ni ndama yupi aliyeharisha jana? Siku mama wa nyumba aangukapo kwa kiharusi, ng'ombe mmoja huuzwa kulipa hospitali, wa pili hukauka maziwa kwa kukosa mwangalizi, na karo ya watoto hukosekana muhula ule ule. Kulinda afya ya mama ni kuilinda nyumba nzima.

MIZANI HAISEMI YOTE

Kila mfugaji ajua kwamba ng'ombe wawili waweza kuwa na uzito mmoja bila kuwa na hali moja. Mmoja ana kilo 400, ana nyama imara mgongoni na mapajani, ana pumzi, na atakupa ndama na maziwa. Mwingine ana kilo 400 pia, lakini amenenepa kwa kukaa tu. Mafuta yamemzunguka figo na tumbo, na hata kupanda mimba humchukua muda mrefu. Mizani husema hao ni sawa. Mfugaji akiwatazama ajua si sawa.

Mwili wa binadamu ni hivyo hivyo. Una mifupa, maji, misuli, yaani nyama, na mafuta. Mwanamke kwa maumbile yake huwa na mafuta mengi kuliko mwanamume, na hilo si kosa wala ugonjwa. Mungu amemwekea akiba ya kubebea mimba na kunyonyesha. Lakini jambo kubwa ni mahali mafuta yalipokaa. Mafuta ya nyonga na mapaja hayana hatari kubwa. Mafuta yaliyo ndani ya tumbo, yaliyozunguka ini na matumbo, ndiyo yenye hatari, kwa sababu hufuatana na sukari kupanda na mafuta ya damu kuharibika.

Kwa mwanamke kijana mafuta hupenda kukaa nyongani. Hedhi inapokoma, kwa wengi karibu na umri wa miaka 50, mafuta huanza kuhamia tumboni, na kolesteroli mbaya katika damu hupanda. Kwa hiyo mama aliyekuwa salama siku zote aweza kuona mabadiliko katika umri huo ingawa hakubadilisha chakula chake. Huo ndio wakati wa kuongeza bidii, si wakati wa kusema "sasa mimi ni mzee, niacheni nikae."

Njia rahisi ya kujua habari za mafuta ya tumboni ni kutumia tepu ya fundi cherehani. Wafugaji wengi hupima ng'ombe kwa kuzungusha tepu kifuani; basi mama naye ajipime kiuno. Tepu ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi au nguo nyepesi, baada ya kutoa pumzi kwa utulivu, bila kukaza tumbo. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba kwa mwanamke kiuno kikipita sentimita 80 hatari huanza kuongezeka, na kikipita sentimita 88 hatari huwa kubwa. Hesabu hii haimhusu mama mjamzito.

KOLESTEROLI NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani kolesteroli ni sumu. Si sumu. Ni kitu cha namna ya mafuta ambacho mwili wenyewe hukihitaji kwa kujengea viungo vyake, na ini ndilo litengenezalo sehemu kubwa. Sehemu nyingine huja na chakula kitokacho kwa wanyama, kama nyama, mayai, siagi na maziwa. Mahindi, maharagwe na mboga hazina kolesteroli hata kidogo.

Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo kolesteroli haiwezi kusafiri peke yake. Hubebwa na wachukuzi. Wachukuzi hao ni wa namna mbili ambao yafaa uwajue, kwa maana ndio walioandikwa katika karatasi ya hospitali.

Mchukuzi wa kwanza huandikwa LDL. Huyu hutoa kolesteroli kwenye ini na kuipeleka sehemu zote za mwili. Akiwa mwingi kupita kiasi, mizigo yake huachwa njiani, ikashikamana na kuta za mishipa ya damu. Umeona mfereji wa maji ambao haujasafishwa kwa miaka: matope hukaa kando, njia ikawa nyembamba, hata siku moja ukaziba. Mshipa wa moyo ukiziba, moyo hushikwa. Mshipa wa ubongo ukiziba, ni kiharusi. Ndiyo sababu LDL huitwa kolesteroli mbaya.

Mchukuzi wa pili huandikwa HDL. Yeye hukusanya kolesteroli iliyozidi na kuirudisha kwenye ini, nalo ini huitoa. Huyu huitwa kolesteroli nzuri. Wanawake kwa kawaida wana HDL nyingi kuliko wanaume. Kwa mwanamke yatakiwa iwe zaidi ya 1.3 kwa kipimo kitumikacho katika hospitali zetu.

Tena utaona neno la tatu, trigliseridi. Hayo ni mafuta yenyewe yasafiriyo katika damu, ambayo mwili huyachoma kama kuni au huyaweka akiba. Hupanda mtu alapo sukari na vyakula vizito kupita kazi aifanyayo.

MAZOEZI YA PUMZI NI YAPI?

Mazoezi tunayosema hapa ni yale ambayo mtu huyafanya kwa muda bila kusimama, akitumia misuli mikubwa ya miguu, hata pumzi ikaongezeka na moyo ukapiga kwa haraka zaidi. Wataalamu huyaita erobiki, maana yake mazoezi yatumiayo hewa. Kutembea kwa haraka ni mazoezi ya namna hiyo; vilevile kukimbia polepole, kuendesha baiskeli, na kucheza ngoma kwa bidii. Hayahitaji chombo wala ada.

Kipimo cha bidii itakiwayo ni chepesi. Ukiwa unatembea, uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba wimbo wote, unatembea polepole mno. Ukishindwa kusema maneno matatu, umezidisha.

Sasa tazama yatokeayo mwilini. Misuli ifanyapo kazi ya namna hii huhitaji moto, na kuni zake ni sukari na mafuta. Dakika zinavyopita, mafuta hutolewa katika akiba yakachomwa. Misuli iliyozoea kazi hii hujifunza kuvuta mafuta kutoka katika damu kwa wepesi zaidi. Hapo trigliseridi hupungua, na katika kazi hiyo hiyo HDL huongezeka. Mafuta ya ndani ya tumbo nayo ni mepesi kutolewa, kwa hiyo kiuno huweza kupungua hata kama uzito umebaki karibu pale pale.

Faida hii ya kupunguza trigliseridi hudumu siku moja au mbili baada ya zoezi, kisha huisha. Kwa hiyo kutembea kutwa nzima Jumamosi na kukaa siku sita hakufai kama kutembea nusu saa siku tano. Ng'ombe hukamuliwa kila siku; hangojewi hata mwisho wa juma.

WANAWAKE WALIOPIMWA

Uchunguzi wa kwanza uliojulikana sana juu ya jambo hili ulikuwa wa wanaume. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza habari za wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva, waliokaa kutwa nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta, ambao walipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa siku nzima. Watu wakauliza: Je, na wanawake?

Majibu yalikuja baadaye. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walitoa habari za wanawake ambao hedhi yao haijakoma na ambao hawakuwa na desturi ya mazoezi. Waligawanywa makundi. Kundi moja lilibaki bila mazoezi. Makundi matatu yalitembea kilomita 4.8 kila siku, siku tano kwa juma, kwa majuma 24. Wa kwanza walikwenda mwendo wa polepole, wakimaliza safari kwa saa moja. Wa pili kwa dakika 45. Wa tatu kwa dakika 36, karibu mbio. Walioharakisha zaidi walipata pumzi na nguvu zaidi. Lakini HDL, ile kolesteroli nzuri, iliongezeka kwa waliotembea polepole sawasawa na walioharakisha, na kwa wale waliokaa haikuongezeka. Shika jambo hili, mama: kwa damu yako, kutoka nje kila siku kwapita kushindana.

Uchunguzi mwingine ulifanywa katika mji wa Seattle, nao ukatangazwa mwaka 2003. Wanawake 173 wa umri wa miaka 50 hadi 75, waliokuwa wanene na wakaaji, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Kundi la pili liliambiwa lifanye mazoezi ya wastani, hasa kutembea kwa haraka, dakika 45 kwa siku, siku tano kwa juma. Baada ya miezi 12, wa kundi la pili walikuwa wamepungua uzito wa kilo moja na kitu tu. Mtu angesema ni kazi bure. Lakini mashine za kupiga picha ndani ya mwili zilionyesha kwamba mafuta ya ndani ya tumbo yamepungua. Tena kila mmoja alivuna kwa kadiri alivyofanya. Waliopita dakika 195 kwa juma walipoteza asilimia 4.2 ya mafuta ya mwili. Waliofanya kati ya dakika 136 na 195 walipoteza asilimia 2.4, na waliofanya pungufu ya hapo walipoteza asilimia 0.6 tu.

Mwaka 2004 majaribio mengi ya mazoezi ya pumzi kwa wanawake yalikusanywa na kuhesabiwa pamoja. Hesabu ya jumla ilikuwa hivi: kolesteroli yote ilishuka kwa karibu asilimia 2, LDL ilishuka kwa karibu asilimia 3, trigliseridi zilishuka kwa karibu asilimia 5, na HDL ilipanda kwa karibu asilimia 3.

Huenda mtu akacheka, akasema asilimia 3 ni nini. Nami namjibu kwamba mkulima hadharau debe tatu katika mia, hasa zikija kila mwaka bila kununua mbegu. Tena mazoezi hayo hayo hushusha shinikizo la damu, husaidia sukari, huimarisha moyo na huleta usingizi mzuri. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini hesabu hizi zatuonya pia: mama ambaye kolesteroli yake imepanda sana hatapona kwa kutembea peke yake. Wako hata wanaorithi kolesteroli nyingi kutoka kwa wazazi, wakiwa wembamba. Kama daktari ameandika dawa, imezwe. Mazoezi husaidia dawa. Hayachukui nafasi yake.

KWA NINI UZITO HUSHUKA KIDOGO?

Sababu ni mbili. Kwanza, nguvu zitumikazo kutembea nusu saa si nyingi. Chapati moja iliyokaangwa kwa mafuta yaweza kuzirudisha zote. Atembeaye kisha akajipa zawadi ya soda na mandazi hatapungua. Pili, mazoezi hulinda misuli. Mtu apunguzaye mwili kwa kujinyima chakula peke yake hupoteza mafuta na nyama pamoja; na nyama ikipotea, nguvu hupotea. Aangaliaye chakula na kufanya mazoezi pia hupoteza mafuta zaidi na kubaki na nyama yake. Mizani haiwezi kutenga hayo mawili. Tepu ya kiunoni, na nguo iliyokuwa ikibana, ndizo zitakazokupa habari.

Kutembea hakujengi sana misuli ya mikono na mgongo. Kwa hiyo wataalamu hushauri pia kazi ya kuinua vitu vizito kwa kiasi, siku mbili kwa juma. Katika jambo hili mama wa shamba hana shida: ndoo ya maji na jembe humtosha.

JE, KAZI YA SHAMBA HAITOSHI?

Sasa tumefika kwenye swali la yule bwana. Jibu la kweli ni hili: kazi ya shamba ni mazoezi, nayo huhesabiwa. Mama alimaye kwa jembe saa nyingi, achotaye maji mbali na kubeba majani ya ng'ombe kila siku, hana haja ya kuongezewa mwendo. Huyo ahitaji chakula kizuri na mapumziko, na asiyekubali hivyo amshike jembe yeye mwenyewe kwa juma moja.

Lakini tusijidanganye kwa jina la "mkulima." Mama, jiulize maswali haya manne:

1. Je, nalima miezi mingapi kwa mwaka? Wengi hulima kwa bidii wakati wa kupanda na kupalilia, kisha miezi mingi hupita kazi ikiwa ndogo. Moyo hauwezi kuweka mazoezi ghalani kama mahindi.

2. Je, kazi yangu ya kila siku ni ya kwenda au ya kukaa? Kukamua, kuchambua maharagwe, kupika na kukaa dukani huchosha, lakini pumzi haiongezeki.

3. Je, kazi yangu ni ya mfululizo, au nainama kidogo, nasimama, nazungumza, nainama tena?

4. Je, kwenda sokoni, kanisani au msikitini na kwenye mkutano naenda kwa miguu, au naita bodaboda?

Ukiona kwamba siku nyingi pumzi yako haiongezeki hata kwa nusu saa, basi wewe ni mkulima kwa kazi, lakini mwili wako ni wa mtu wa ofisini. Nasema hivyo bila dharau, maana mimi mwenyewe ni wa kalamu na meza.

JINSI YA KUANZA

Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kwa mwendo wa haraka, nusu saa ni karibu kilomita 3. Fuata utaratibu huu:

Juma la 1 na la 2: tembea dakika 10 kwa siku, siku tano. Anza polepole, harakisha katikati, malizia polepole.

Juma la 3 na la 4: dakika 15 hadi 20 kwa siku.

Juma la 5 na kuendelea: dakika 30 kwa siku. Usipoweza kuzipata kwa mara moja, zigawanye: dakika 15 asubuhi unapopeleka maziwa, na 15 jioni.

Baada ya miezi mitatu: ukiwa na nguvu, ongeza hata dakika 40 au 45. Kumbuka wanawake wa Seattle. Waliozidisha dakika ndio waliovuna zaidi.

Usitafute safari mpya kama iko safari ya zamani. Njia ya kwenda mahali pa kupokelea maziwa, dukani au kwenye mkutano wa chama yatosha. Akina mama wa chama kimoja waweza kukubaliana kwenda mkutanoni kwa miguu pamoja. Mazungumzo hufupisha njia, na aliye mvivu huona haya kubaki nyuma. Vaa viatu vya kufunga visivyobana. Usitembee gizani peke yako, na penye magari tembea upande wa kulia ukitazamana nayo.

Tunza daftari kama la maziwa. Andika siku ulizotembea na dakika zake. Mara moja kwa mwezi andika kipimo cha kiuno. Usijipime kila siku, kwa maana utajisumbua bure. Ukipimwa damu leo, ngoja angalau miezi mitatu ya mazoezi kabla ya kupimwa tena, isipokuwa daktari amesema vingine.

MAMBO YA KUANGALIA

Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lililo juu sana, au kisukari kitumiacho sindano, amwone daktari kabla ya kuanza. Mama mjamzito kwa kawaida aweza kutembea, lakini amwulize mwuguzi kliniki. Wala asishtuke kolesteroli ikiwa juu wakati huo, kwa sababu hupanda kwa maumbile ya mimba. Mwenye magoti mabovu achague njia tambarare. Ukiona maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi kukatika kusiko kwa kawaida, simama mara moja na uende hospitali.

Usidanganywe na maneno ya sokoni. Jasho si mafuta. Mtu ajifungaye karatasi za nailoni tumboni hupoteza maji tu, nayo hurudi anywapo. Kuinuka na kulala mara mia huimarisha misuli ya tumbo, lakini hakuchomi mafuta ya mahali pale. Na dawa za kupunguza mwili ziuzwazo bila daktari zaweza kukuharibu ini au moyo.

Katika chakula, punguza mafuta yagandayo, chagua yale ya maji na uyatie kidogo, punguza sukari, zidisha mboga na maharagwe, ambayo unayo shambani bila kununua.

NENO KWA BABA WA NYUMBA

Bwana, umesoma mpaka hapa. Limebaki jambo lako. Akina mama wengi hawakosi nia, wanakosa nafasi. Nusu saa ya mama haitoki mbinguni. Lazima itoke katika kazi za nyumba, na kazi hizo lazima zifanywe na mtu. Ukimwambia mkeo atembee, kisha umngojee akupikie chai, akukamulie na abebe mtoto, hujamwambia neno. Shika mtoto nusu saa. Kata majani ya ng'ombe siku tano. Au toka utembee naye. Moyo wako pia una mishipa.

Wala usimcheke mama apitaye barabarani kwa haraka bila mzigo kichwani. Zamani tulidhani atembeaye mikono mitupu hana kazi. Huyo ana kazi. Anasafisha mfereji ambao hauonekani kwa macho.

Basi leo jioni azimeni tepu kwa fundi, pimeni viuno, mama na baba, mwandike katika daftari pamoja na tarehe. Kesho maziwa yapelekwe kwa miguu.